Laptop Iliyovaa Koti

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta katikati ya habari. Tulikuwa wanne chumbani, na wale wengine watatu hawakuwa na hatia. Au tuseme wawili na nusu.

Nina chumba cha kurekodi Mwembesongo, mjini Morogoro, nyuma ya saluni ya kike. Mimi nakiita studio. Wenye saluni wanakiita stoo, kwa sababu kabla yangu kilikuwa stoo, na mpaka leo mara mojamoja mtu huingia bila hodi akitafuta ndoo. Ukutani nimepigilia trei za mayai na vipande vya magodoro ili sauti isirukeruke. Vifaa vyangu ni maikrofoni tatu, hedifoni moja ya maana niliyoinunua baada ya kuuza pikipiki, na laptop.

Hiyo laptop ni ya nne. Ya kwanza iliibwa stendi ya Msamvu nikiwa nimeikumbatia, na usiniulize ilikuwaje. Ya pili ilikunywa chai. Ya tatu iliuawa na vumbi. Fundi alipoifungua alikung'uta udongo wa kutosha kupandia mchicha. Kwa hiyo ya nne niliapa itavaa nguo. Nikaipeleka kwa Mikaeli, fundi makochi wa Sabasaba, akaishonea koti la leza nyekundu, ile leza nene ya sofa yenye sponji kwa ndani, na mgongoni akadarizi jina langu kwa uzi wa dhahabu: IGNAS. Akaliziba kwa kushona moja kwa moja, kama kochi linavyofungwa, ili mwizi asiweze kulivua na kuitoa. Skrini na kibodi aliviacha wazi, akatoboa tundu la chaja, tundu la hedifoni, na tundu moja la USB. La pili alilisahau. Ninayo kadi ndogo ya sauti ya nje, kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachosafisha sauti kabla haijafika masikioni, nacho kilikuwa kikikaa kwenye tundu hilo la pili. Nikakitia droo. Sikuwa na moyo wa kumrudishia Mikaeli aiharibu kazi nzuri kiasi kile kwa ajili ya tundu moja. Wateja walikuwa wakiingia wanauliza habari za koti kwanza, bei ya kurekodi baadaye.

Sasa, wiki moja kabla ya laptop kuvalishwa, nilikuwa nimepanda Mgeta kuirekodi kwaya ya kigango kimoja cha Kikatoliki huko juu. Kigango kinatimiza miaka hamsini, na kwaya ilitaka wimbo wake wa vipaji, ule wa kupeleka sadaka altareni, uhifadhiwe, upigwe siku ya jubilei na kila familia iondoke nao kwenye flashi. Wimbo huo waliutunga wenyewe. Anayeuongoza ni Bibi Anastasia, mwanamke wa miaka sitini na saba, mkulima wa njegere na karoti, na ameuongoza kwa miaka thelathini na mmoja. Nilimsimamisha katikati kabisa, nyuma yake Emmanuel na ngoma, kina mama kushoto, wanaume na kinanda kulia. Nikarekodi, nikala viazi vyao, nikashuka.

Alhamisi, siku ya pili ya koti, ndipo nilipokaa kuusikiliza ule wimbo. Nikachomeka hedifoni, nikafumba macho kama wafanyavyo wataalamu. Kina mama walikuwapo, tena wazuri. Wanaume walikuwapo. Kinanda kilikuwapo. Bibi Anastasia alikuwa mbali, mbali sana, kama mtu anayeimba bonde la pili huku ameziba mdomo kwa khanga.

Hapa lazima nieleze kitu. Mimi ni Mnyamwezi wa Urambo. Morogoro niliingia kupitia Turiani, nikipakia miwa mpaka mgongo ukaniomba nitafute kazi ya kukaa. Kwa Waluguru, wenyeji wa milima hii, mimi ni mtani. Naweza kwenda kwenye msiba wao nikasema marehemu alikuwa mlafi na jeneza liongezwe upana, nao wakacheka na kunipa chakula. Utani umenilisha sana mji huu. Ubaya wake ni mmoja: mtani akizoea kusema chochote, siku moja anasema chochote.

Nikampigia simu Laurenti, mwenyekiti wa kwaya.

"Mwenyekiti, bibi yenu amekwisha. Nimesikiliza, sauti haipo. Nadhani ameisahau kwenye njegere."

Laurenti hakucheka. "Unanitania au unasema kweli?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema natania. Lakini nilikuwa nimevaa hedifoni ya pikipiki nzima, na mbele yangu laptop imevaa koti lenye jina langu kwa dhahabu. Nikajiona bingwa.

"Kweli tupu," nikasema. "Tafuteni mtu mwingine arudie sehemu yake."

Laurenti ni mtu wa vikao. Ukimwambia nyumba inaungua ataitisha ajenda. Jioni ileile kamati ya kwaya ilikaa, na ikapitisha kwamba Upendo, binti wa miaka ishirini na mbili mwenye sauti nzuri, atashuka mjini Jumamosi kuimba sehemu ya Bibi Anastasia, na kwamba Bibi apumzike. Ndivyo walivyoandika: apumzike. Yeye hakuwa kikaoni. Aliarifiwa Ijumaa asubuhi akiwa shambani, anahamisha mpira wa maji kutoka tuta moja kwenda jingine.

Jumamosi saa nne wakaingia watatu badala ya wawili. Laurenti mbele, na shati la mikono mirefu na daftari la muhtasari. Upendo nyuma yake, macho chini, kama aliyeletwa kituoni kutoa ushahidi. Na mwisho kabisa Bibi Anastasia, kitambaa kichwani, kikapu cha njegere mkononi.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mtani. Nimesikia nimekufa. Nimekuja kuangalia nilivyozikwa."

"Bibi..."

"Nimeleta na njegere, maana msibani hatuji mikono mitupu."

Laurenti akakohoa. "Mama alisisitiza kuja. Mimi nilimweleza kwamba si lazima."

"Ulinieleza vizuri," Bibi akasema huku akikaa. "Miaka thelathini na mmoja sijawahi kujisikia ninavyoimba. Wimbo huu ukitoka bila mimi, wajukuu zangu watarithi flashi yenye sauti ya mtu mwingine. Basi kabla sijapumzika nisikilizeni kidogo: nataka nijisikie huko ninakokosekana. Mtani, nipe hicho cha masikioni."

Nikampa. Kabla ya hapo nikaona nifanye mbwembwe kidogo, ajue yuko kwa fundi.

"Bibi, sauti ya laptop si jambo la kuchomeka na kusikiliza tu. Kwanza chaja." Nikaichomoa ukutani. "Chaja ikiwa kwenye umeme, laptop inanguruma kidogo kidogo kwenye hedifoni. Unausikia mvumo?"

"Ulikuwapo. Umeondoka."

"Ehe! Pili, humu ndani kiwandani wanaweka vikorombwezo. Besi inaongezwa, sauti inatanuliwa, kila kitu kinatiwa chumvi. Ukitaka ukweli unavizima vyote." Nikavizima. "Tatu, sauti ya laptop yenyewe siipandishi mpaka mwisho, ikifika mwisho inapasuka. Sasa sikiliza."

Wimbo ukaanza. Mimi nilisimama nimekunja mikono, najivuna. Yote niliyomwambia yalikuwa kweli, na ndilo jambo linaloniuma mpaka leo. Nilijua mambo mengi.

Bibi Anastasia alisikiliza bila kupepesa. Wimbo ulipokwisha hakuvua hedifoni. Akaniuliza kwa sauti kubwa, kama afanyavyo mtu aliyezibwa masikio:

"Na Emmanuel yuko wapi?"

"Emmanuel yupi?"

"Mpiga ngoma. Alikuwa mgongoni kwangu, alinipigia mpaka kisogo kikawasha. Humu ngoma inasikika kama mtu anapiga godoro kwa jirani. Huyo naye amezeeka? Ana miaka kumi na tisa."

Upendo akaziba mdomo. Laurenti akafungua daftari, akalifunga.

Mimi nikasema haraka, "Ngoma ni ngumu kurekodi, bibi."

"Kina mama wa kushoto nawasikia mpaka wanavyovuta pumzi. Mama Hosiana amekohoa ubeti wa pili, nimemsikia. Laurenti mwenyewe nimemsikia kulia anavyokwenda juu ya noti."

"Siendi juu ya noti," Laurenti akasema.

"Unakwenda. Sasa mtani niambie, mimi mkulima nielewe. Wa kushoto wapo, wa kulia wapo. Waliosimama katikati wote hawapo, mzee na kijana. Hicho ni kifo gani kinachofuata mstari?"

Nimesomea mambo haya kwa kuunguza vitu, mwaka baada ya mwaka, na mwanamke huyu ameyapanga kwa dakika nne. Kama kosa lingekuwa koo lake, ngoma isingeguswa. Kosa lilikuwa kati ya laptop na masikio yetu, nami nilikuwa nimelipeleka likaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

"Spika zake zinasemaje?" Upendo akauliza. "Tusikilize bila hedifoni."

"Hazisemi kitu chini ya leza," nikasema, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia nilichokuwa nikikisema.

Bibi akavua hedifoni, akaufuata waya kwa vidole, taratibu, mpaka ubavuni mwa laptop. Wakulima wa Mgeta wanamwagilia kwa mipira mirefu inayoshuka na maji kutoka juu mlimani, imeungwa hapa na pale, na maji yakipungua shamba la chini hawaendi kulaumu mto. Wanaufuata mpira, kiungo kwa kiungo. Akafika kwenye pini, ile ncha ya chuma ya waya wa hedifoni. Akainama.

"Mbona shingo iko nje?"

"Shingo gani?"

"Hiki chuma kinachong'aa. Kwangu kiungo kikionyesha shingo namna hii, maji yanakwenda, lakini yanakwenda yanakotaka. Hiki hakijafika mwisho."

Nikasukuma. Pini ikagoma. Nikasukuma tena kwa dole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe. Ikazama kwenye leza, ikazama kwenye sponji, ikarudi nje kwa madaha kama mtu anayeinuka kwenye sofa. Kwa unene wa lile koti, pini haikuweza kufika mwisho wa tundu. Ilikuwa imeingia nusu tu.

Nitaeleza kwa kifupi kilichotokea humo ndani, kwa maana nilikijua siku zote na hakikunisaidia. Pini ya hedifoni ina pete tatu: moja ya sikio la kushoto, moja ya kulia, na moja ya kurudishia ambayo masikio yote mawili yanaitegemea. Pini isipofika mwisho, ile ya kurudishia haishiki. Hapo hedifoni inabaki kukupa tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Kilicho upande mmoja unakisikia. Kilicho sawasawa pande zote mbili, yaani cha katikati, kinajifuta chenyewe. Na katikati ndipo anaposimamishwa nani? Kiongozi.

"Likate," Bibi akasema.

"Nini?"

"Koti."

"Bibi, hili koti Mikaeli amelidarizi siku tatu."

"Mimi naimba miaka thelathini na mmoja."

Upendo alikuwa tayari mlangoni. Akatoka, akarudi na mkasi wa saluni, na nyuma yake wanawake wawili na mmoja mwenye rola kichwani, waliosikia kwamba Ignas anataka kupasua kochi lake. Nikalilaza koti mezani kama mgonjwa. Nikaanza kwenye mshono wa ubavu. Nyuzi za Mikaeli si za mchezo, jasho lilinitoka. Jina langu lilipokatika katikati, IG upande huu na NAS upande ule, yule wa rola akasema, "Pole, baba, utashonewa jingine," na wote wakaangua kicheko. Nilicheka na mimi. Ukishapigwa na maisha kiasi changu unajua saa ya kucheka pamoja na watu.

Laptop ikatoka uchi, ina joto kama chapati. Nikachomeka pini. Ikaingia na kutoa mlio mdogo, *kt*, mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu Jumanne, na sikuutafuta. Na kwa kuwa lile tundu la pili la USB sasa lilikuwa wazi, nikafungua droo, nikachomeka ile kadi yangu ya sauti, nikahamishia hedifoni huko. Nikajisikiliza sekunde tano tu, kuhakikisha. Sekunde tano zilinitosha. Nikamvalisha Bibi kwa mikono yangu miwili.

Wimbo ukaanza.

Sikuwa nikisikia anachosikia, lakini nilikuwa nikimwona. Ngoma ilimfikia kwanza, maana bega lake la kulia liliruka kidogo. Kisha akaingia yeye. Nilijua ameingia kwa sababu alinyoosha mgongo, akawa mrefu palepale kwenye kiti cha plastiki, na mkono wenye mikwaruzo ya udongo ukapanda mpaka kwenye hedifoni ukakaa hapo, kama mtu anayemshika mtoto asianguke. Yule wa rola alinyamaza, na yeye hanyamazi hata anapooshwa nywele.

Wimbo ukaisha.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Ukaisha.

"Rudia tena."

Mara ya tatu ilipokwisha akavua, akaiweka mapajani. Akamtazama Upendo.

"Kumbe ndivyo mnavyonisikia?"

"Ndivyo, bibi. Siku zote."

"Na hamkuwahi kusema?"

"Tulidhani unajua."

Akatikisa kichwa. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyegundua shamba lake ni kubwa kuliko alivyopimiwa. "Huyu mwanamke anaimba," akasema.

Upendo akasikiliza. Machozi yalimtoka bila sababu aliyoweza kuieleza. Wa saluni wakasikiliza kwa zamu, na mmoja akauliza kama Bibi anaweza kuja kuimba kwenye kitchen party ya mdogo wake, Bibi akajibu kwamba atatazama ratiba. Kisha nami nikajipa zamu yangu, ukweli wote, mwanzo hadi mwisho. Nisiwadanganye: nilijivuna. Nilimsikia mama wa milimani akiwa wima katikati, kila neno na mdomo wake, pumzi yake kabla ya ubeti wa tatu, na kanisa lote limemzunguka, hata kuta. Niliyepanga maikrofoni zile ni mimi. Mjinga, ndiyo, lakini mjinga aliyepanga maikrofoni vizuri.

"Bibi," nikasema, "kosa lilikuwa langu. Mwenyekiti, andika hivyo. Ignas alivalisha mashine koti akamvua mtu sauti. Andika, nitasaini."

"Mtani," Bibi akasema, "leo umesema neno la maana, nitawaambia na wenzangu, hawataamini."

Aliyebaki ni Laurenti. Alisikiliza amesimama, hedifoni imempanda juu kidogo kwa sababu ya masikio yake makubwa. Aliposikia kiongozi anaingia, uso wake ulilegea, nikaona ni mtu mzuri tu kama watu wengine. Halafu akaikumbuka kamati. Akavua, akafungua daftari.

"Ni sawa," akasema. "Inasikika. Lakini kuna utaratibu. Kamati imeshakaa, na uamuzi umeandikwa. Paroko ameshaarifiwa kwamba Upendo ndiye."

"Paroko ataarifiwa tena," nikasema.

"Ataarifiwa kwamba nini? Kwamba mwenyekiti alimwondoa kiongozi wa kwaya kwa sababu ya kitambaa cha kochi?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Ignas, wewe utani wako unaishia hapa mjini. Mimi napanda nao mlimani." Alikuwa ametoa jasho. Akamgeukia Bibi Anastasia. "Mama, mimi nakuheshimu, unajua. Ila tutazame mbele. Mwakani au mwaka unaofuata atahitajika mwingine."

"Mwakani uniulize mwakani," Bibi akasema. Alikuwa anaweka njegere mezani kwangu, fungu moja moja, hana haraka.

"Basi tufanye hivi, kila mtu aridhike." Laurenti akachukua kalamu, sauti ikapata nguvu, kwa kuwa sasa alikuwa na ajenda. "Beti mbili za mwanzo abaki Mama. Beti mbili za mwisho tunamwingiza Upendo hapahapa leo, nauli ameshalipiwa, sauti anayo. Uamuzi wa kamati unakuwa umeheshimiwa, Mama hajaondolewa, na hakuna atakayeuliza maswali. Upendo, njoo uvae hii."

Akamnyooshea hedifoni. Upendo hakuipokea. Tangu aingie alikuwa ameongea maneno machache, tena kwa upole, hata mimi nilidhani hana mengine.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi nilijiunga na kwaya ili niimbe. Sikujiunga nikufutie aibu."